Nani Mwenye Faili? Historia ya Anwani Isiyohama

Mkenya anajua kwamba anwani na makazi ni mambo mawili. Kwa miaka mingi barua zetu zimekwenda S.L.P. fulani, kisanduku cha chuma chenye namba ukutani mwa posta, ilhali wenyewe tunalala kwingine kabisa. Mtu huhama nyumba mara tano na sanduku likabaki palepale. Na akitaka mgeni afike kwake, hamtajii namba yoyote. Atamwambia ashuke steji fulani, apite kanisa, akate kushoto penye duka la rangi ya buluu, kisha apige simu.

Nimeanzia posta kwa sababu anwani ndizo zinazoniletea unga nyumbani. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nahudumia shule, zahanati na ofisi ndogo ndogo, na seva nyingi ninazozitunza zinaendeshwa na Linux, kwani haina gharama ya leseni na hata kompyuta kuukuu inaihimili. Ukiniuliza ni kazi gani imeniibia usingizi zaidi, sitakutajia virusi wala stima kupotea. Nitakutajia jambo linalosikika dogo sana: kuipa kompyuta anwani ya kudumu.

Mambo yenyewe ni manne tu. Namba ya mashine. Mpaka wa mtaa wake, yaani majirani zake ni kina nani. Lango la kutokea nje. Na seva ya majina, ile itakayoulizwa jina fulani lina namba gani. Ukishaandika hayo manne, unataka yakae hivyo, mashine izimwe, iwashwe, stima ipotee, irudi. Basi. Sasa mbona watu wazima wenye shahada zao wanakesha wakihangaika na mistari minne?

Nimekuja kuamini kwamba jibu haliko kwenye namba. Liko kwenye historia. Kila kizazi cha mafundi kimeulizwa swali moja: nani mwenye mamlaka ya kuandika anwani ya mashine hii? Na kila kizazi kimejibu kivyake, kwa sababu nzuri za wakati wake, bila kulifuta jibu la waliotangulia. Sisi tunaokuja nyuma tunayakuta majibu yote yamerundikana ndani ya mashine moja, yakigombana.

Daftari moja, mlinzi mmoja

Mtandao wa ARPANET, ambao ndio nyanya ya intaneti, ulianza Marekani mwaka 1969. Kufikia Desemba ya mwaka huo ulikuwa na vituo vinne: Los Angeles na Santa Barbara kwenye vyuo vikuu vya California, Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na Chuo Kikuu cha Utah. Kompyuta za siku hizo zilikuwa mizigo ya kujaza chumba. Nani angewaza kwamba siku moja mashine ingetiwa mfukoni ikapanda matatu? Anwani ya kompyuta ilitokana na mahali ilipochomekwa: namba ya kituo, na namba ya tundu kwenye kituo hicho. Kila anwani ilikuwa ya kudumu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kulitamka neno hilo.

Majina nayo yalikaa kwenye faili moja lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa na kituo cha habari cha mtandao huo, ambacho kuanzia 1972 kiliongozwa na Elizabeth Feinler, mwanamke ambaye wenzake walimwita Jake. Ukitaka mashine yako itambulike, uliwasiliana na ofisi yake, nao wakaandika jina na namba. Vituo vingine vikalivuta faili hilo na kulinakili. Kwa upande wa namba, kijana mmoja wa UCLA aitwaye Jon Postel aliandika waraka Mei 1972 akipendekeza pawe na mtu mmoja wa kugawa namba rasmi za mawasiliano. Akajitaja mwenyewe kwa jukumu hilo, huku akiweka alama ya kuuliza. Kazi ya kutunza namba ilibaki mikononi mwake hadi alipofariki Oktoba 1998.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake. Mtandao ulipokua, faili moja lilielemewa, na ndiyo sababu mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina tunaoutumia hadi leo, DNS. Lakini ulikuwa na uzuri mmoja ambao hatujaupata tena: ulijua faili ni lipi na mwenye kuliandika ni nani. Likikutatiza, kuna mtu wa kumuuliza.

Na faili lenyewe halijafa. Fungua Linux yoyote leo utalikuta, sasa likiitwa /etc/hosts, na kwa kawaida mashine hulisoma hilo kwanza kabla ya kwenda kuuliza seva ya majina. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi mstari wa faili hilo nikawaambia, huyu hapa ni babu yenu. Wakacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Mashine yenye kumbukumbu mbili

Septemba 1981 ulitolewa waraka uliofafanua anwani tunazozijua, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Jumla yake ni 4,294,967,296. Zilionekana nyingi kupita kiasi. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ikahamia kwenye utaratibu huo mpya, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikatoa toleo lake la Unix, 4.2BSD, likiwa na amri ya kuipa kadi ya mtandao anwani. Amri hiyo inaitwa ifconfig. Fundi yeyote wa rika langu anaweza kuiandika akiwa amefumba macho.

Hapa ndipo mzizi wa shida ya kwanza ulipo, na ni vyema tuutazame polepole. Amri ya ifconfig huandika anwani kwenye kumbukumbu ya mashine inayoendelea kufanya kazi. Inashika papo hapo. Unajaribu, mtandao unaitika, unafurahi. Lakini ukizima mashine, anwani hiyo imekwenda na upepo, kwa kuwa haikuandikwa popote kwenye diski. Ili irudi, ni lazima kuwe na faili linalosomwa wakati wa kuwaka, lenye maagizo yaleyale.

Yaani mashine ina kumbukumbu mbili: ya sasa, na ya kesho asubuhi. Zinaweza kutofautiana bila mashine kukuambia lolote. Ndiyo maana utasikia kilio kilekile mwaka nenda mwaka rudi: jana ilikuwa inafanya, leo imegoma. Hakuna kilichoharibika usiku. Ni kwamba jana mtu alizungumza na kumbukumbu ya kwanza, na leo inayojibu ni ya pili.

Kila mtaa na sheria zake

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kazi yake ya Linux Agosti 1991. Sehemu ya mtandao iliandikwa kwanza na Ross Biro, ikapokewa na Fred van Kempen, kisha Alan Cox wa Swansea, Wales, akaishika na kuinyoosha. Toleo la 1.0 lilipotoka Machi 1994, mashine ya bei ya chini ingeweza kuwa seva kamili ya mtandao. Kwa nchi kama yetu hilo lilikuwa jambo kubwa: ujuzi ulioishi kwenye mashine za mamilioni ukawa ndani ya kompyuta ya mezani.

Lakini Linux, kwa maana halisi, ni kiini tu. Kiini hupokea anwani na kuitumia. Hakijali iliandikwa wapi wala na nani. Suala la faili liliachiwa wale wanaokusanya kiini na programu nyingine kuwa mfumo mmoja, na kila mmoja akajiamulia. Slackware, ya mwaka 1993, iliweka maagizo yake kwenye /etc/rc.d/rc.inet1, na mpaka leo haijahama hapo, kama mzee aliyekataa kuuza shamba. Debian, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1993, ilikuja kutumia /etc/network/interfaces. Red Hat ikaweka faili moja kwa kila kadi ya mtandao, ndani ya /etc/sysconfig/network-scripts.

Mafaili ya Red Hat yalikuwa na neno moja lililonishangaza nilipoanza kazi: BOOTPROTO. Ukitaka anwani ya kudumu uliandika neno hilo, alama ya usawa, kisha "none", yaani hakuna. Hakuna nini? Nilikuja kuelewa baadaye kwamba neno lenyewe ni ukumbusho wa BOOTP, utaratibu wa Septemba 1985 uliobuniwa kwa ajili ya kompyuta zisizo na diski. Mashine ya aina hiyo ikiwaka haina pa kusomea jina lake, hivyo hupaza sauti kwenye waya: jamani, mimi ni nani? Seva inamjibu. Ukiandika "none" unasema, mimi simwulizi mtu, najijua. Miaka ilipita, kompyuta hizo zikaisha madukani, na bado mafundi wa Nairobi waliendelea kuandika jina la utaratibu wao kila walipokuwa wanaukataa.

Landilodi aingia

BOOTP ilizaa mtoto aliyempita mzazi: DHCP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 1993 na kupata umbo lake la kudumu Machi 1997, kazi iliyoongozwa na Ralph Droms. DHCP ni upangaji mtupu, na hata waraka wake hutumia lugha ya kukodisha. Mashine inaingia mtaani, inaomba chumba, ruta inaipa anwani kwa muda maalumu, labda saa 24. Muda ukifika nusu, mpangaji hurudi kuomba kuongezewa. Akiondoka, chumba kinapewa mwingine.

Mpango huu ulikuja kwa wakati wake. Kompyuta zilikuwa zinaongezeka, laptopu zilianza kutembea, na kumwandikia kila mfanyakazi anwani kwa mkono kulikuwa kunawatoa mafundi jasho. Februari 1996 zikatengwa rasmi anwani za matumizi ya ndani, zile za 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168 ambazo karibu kila ruta ya nyumbani inazijua. Tangu hapo, mwenye anwani ya kukodi ndiye akawa wa kawaida. Mwenye anwani ya kudumu akawa mtu wa kujieleza.

Lakini kuna mashine ambazo hazifai kuwa wapangaji. Nilipata kuitwa kwenye zahanati moja asubuhi ya Jumatatu. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa zote zilikuwa zinategemea seva moja iliyokaa chini ya meza, yenye mafaili ya wagonjwa. Ijumaa jioni, fundi wa kampuni ya intaneti alikuwa amebadilisha ruta. Ruta mpya ilikuwa na mtaa mwingine wa namba, na seva, ambayo aliyeiweka miaka ya nyuma aliiacha ikikodi, ikapewa chumba kipya. Kompyuta nyingine zote zikawa zinabisha mlango wa zamani.

"Fundi, mafaili yamepotea," sista aliyekuwa zamu aliniambia. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto.

"Hayajapotea, sista. Yamehamia nyumba nyingine bila kuaga."

Hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuandika kadi kwa mkono, na mtoto mmoja alikuwa na homa kali, na hakuna aliyejua wiki iliyotangulia alipewa dawa gani. Ndiyo sababu siwezi kulichukulia suala hili kama mchezo wa mafundi. Anwani isiyohama ni ahadi kwamba kitu kitapatikana pale kilipoachwa.

Kadi zilizobadilishana majina

Kabla ya kuipa kadi ya mtandao anwani, inabidi ujue jina lake. Kwa miaka mingi Linux iliziita eth0, eth1, eth2, kwa kufuata aliyetangulia kuonekana mashine ikiwaka. Mwenye kadi moja hakuwa na neno. Mwenye kadi mbili aliweza kuwasha seva siku moja akakuta zimepishana: ya ndani imekuwa ya nje, ya nje imekuwa ya ndani.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuandika orodha. Mashine ikiona kadi mpya, iliandika namba ya kiwandani ya kadi hiyo kwenye faili moja na kuifunga na jina lake milele. Dawa hiyo ikazaa ugonjwa wake. Kwenye shule moja ya sekondari tulipokea kompyuta za mitumba ishirini na kitu za maabara. Tukatengeneza moja vizuri, kisha tukanakili diski yake kwenye nyingine zote, kama mtu anayechapisha fulana. Ile ya kwanza ilipata mtandao. Zilizobaki zote zilikuwa kimya.

Mwalimu wa kompyuta akawa anazunguka na tochi ya simu akikagua nyaya. "Mwalimu, nyaya ni nzima," nilimwambia mwishowe. Kila diski ilikuwa imebeba kumbukumbu kwamba jina eth0 ni la kadi ya mashine ya kwanza. Zilipoamkia kwenye mwili mwingine na kukuta kadi ngeni, ziliiita eth1. Na maagizo ya mtandao yalikuwa yanamtafuta eth0, ambaye hayupo. Tulilifuta lile faili la orodha, mashine moja baada ya nyingine, hadi giza likaingia. Anayetafuta suluhu ya tatizo hilo bila kuijua historia yake atabadilisha nyaya, swichi na kadi, na bado hatapona.

Januari 2013, mradi wa systemd, ambao ulikuwa umeanza 2010, ulileta mtindo mwingine: kuita kadi kwa mahali ilipo. Jina kama enp3s0 lina maana yake. En ni waya wa ethaneti, p3 ni njia ya tatu ya ndani ya mashine, s0 ni nafasi ya sifuri kwenye njia hiyo. Ukitafakari, ndivyo tunavyoelekezana mtaani: njia ya tatu, mlango wa kwanza. Mtindo una akili, ila ukichomeka kifaa kingine ndani ya mashine, njia zaweza kuhesabiwa upya, na enp3s0 akaamka akiitwa enp4s0. Na yale maelezo yote ya vitabuni na madaftarini yaliyoandika eth0 yakageuka maneno ya wafu.

Manahodha wengi

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwaka 2004 Red Hat ilianzisha NetworkManager, programu iliyokusudiwa mtu wa laptopu anayetoka ofisini kwenda mkahawani, kutoka waya kwenda Wi-Fi. Mwaka 2014 systemd nayo ikaja na mwendeshaji wake, networkd. Taratibu za zamani hazikuondolewa. Ikawa mashine moja inaweza kuwa na nahodha wawili au watatu, kila mmoja na faili lake, kila mmoja akiamini usukani ni wake.

Anayeumia zaidi katika ugomvi huu ni faili dogo liitwalo /etc/resolv.conf, linaloandikwa seva ya majina. Zamani lilikuwa la msimamizi wa mashine. DHCP ilipokuja, likapata mwandishi wa pili, kisha wa tatu. Leo kwenye mifumo mingi ukilifungua unapokewa na onyo kwamba usilihariri kwa mkono, kwamba uliloandika linaweza kufutwa. Kwenye Ubuntu utakuta ndani yake anwani 127.0.0.53, ambayo ni mashine ikijielekeza kwa yenyewe, kwa mtumishi wa ndani anayejua seva ya kweli iko wapi. Mgeni huona hapo ni upuuzi, anafuta, anaandika ya kwake, kila kitu kinafunguka, anaenda zake nyumbani. Akirudi kesho, lile la zamani limerudi.

Ubuntu ilijaribu kuleta suluhu. Kuanzia toleo la 17.10, Oktoba 2017, ilikuja na Netplan: unaandika matakwa yako mahali pamoja, nayo inawaandikia manahodha, ama networkd ama NetworkManager. Aprili 2018 likaja toleo la 18.04, la kutunzwa kwa miaka mingi, na hapo ndipo wengi wetu tulipokutana nayo uso kwa uso. Matakwa yenyewe huandikwa kwa mtindo wa YAML, ambamo nafasi tupu ina maana. Ukisogeza mstari nafasi moja kulia, umebadilisha sheria. Kitufe cha Tab hakiruhusiwi kabisa kusogezea mistari, na kwa Kiswahili jina lake halihitaji tafsiri: ni tabu. Baada ya miaka michache, neno lililotumika kuandika lango la nje likatangazwa kuwa limepitwa na wakati, na lango likatakiwa liandikwe kama njia.

Tuwape haki yao lakini. Netplan ina amri moja ambayo ningependa mwanzilishi wake anywe chai kwangu. Ukiandika netplan try, mabadiliko yanashika kwa sekunde 120, na usipoyathibitisha yanarudi yalivyokuwa. Anayesimamia seva kwa mbali anaijua hofu yenyewe. Tarakimu moja ikipotoka, unakuwa umejifungia nje na ufunguo uko ndani, na njia ya kurudi ni matatu ya saa tatu mpaka ilipo seva.

Wenye Raspberry Pi, vile vikompyuta vidogo vinavyopendwa na shule, walipitia yao. Kuanzia 2015 anwani ya kudumu iliandikwa kwenye dhcpcd.conf, faili lenye jina la DHCP, ambamo unaandika kwamba hutaki DHCP. Oktoba 2023 mfumo wao ukahamia NetworkManager, na miaka minane ya maelekezo ikawa ya kufungia maandazi. Red Hat wenyewe, katika toleo la 9 la mwaka 2022, walihamisha makao ya mipangilio kutoka mafaili yale ya zamani hadi kwenye mafaili ya NetworkManager. Hata amri ya ifconfig, baada ya zaidi ya miaka 30, haiji tena na Debian tangu toleo la 2017 usipoiomba. Mrithi wake ni amri fupi yenye herufi mbili, ip, kutoka kazi ya Mrusi Alexey Kuznetsov.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyochukuliwa kwa ubaya. Kila moja ilimponya mtu: mwenye laptopu, mwenye kadi mbili, mwenye seva elfu moja mawinguni zinazozaliwa asubuhi na kufa jioni. Lakini kila hatua ilimtazama yule anayehama. Mwenye mashine moja isiyohama, chini ya meza, pembeni mwa Kenya, ndiye aliyeachiwa gharama ya kujifunza upya kila mara kwa ajili ya mashine ambayo haijasogea hata hatua moja.

Mamlaka nje ya mashine

Swali la nani mwenye kuandika anwani haliishii ndani ya mashine. Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, KIXP, ili barua pepe kutoka ofisi moja ya jiji hadi nyingine isilazimike kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Desemba ya mwaka huohuo Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mvutano na kupatikana kwa leseni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, majirani wawili wa Nairobi waliendelea kusalimiana kupitia bara lingine, kwa sababu aliyekuwa na mamlaka hakuwa yule mwenye shida.

Anwani zenyewe pia ziliombwa mbali. Kabla ya AFRINIC, ofisi ya Afrika iliyoko Mauritius, kutambuliwa rasmi Aprili 2005, aliyehitaji fungu la anwani aliliomba Amsterdam au Marekani, kutegemea nchi yake iko wapi. Tulifika mezani chungu kikiwa kimepungua. Februari 2011 hazina kuu ya dunia ikagawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila eneo. Kuanzia Januari 2020 AFRINIC imekuwa ikitoa anwani zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Ndiyo maana mteja wa kawaida hapa hana anwani yake ya nje. Anatumia moja pamoja na wengi, kama S.L.P. ya shule inayopokea barua za wanafunzi wote, na akitaka ya kwake ya kudumu kwa kawaida hulipa zaidi. Kumiliki anwani isiyohama, kwa maana kamili, kumekuwa anasa. Tulichobaki nacho ni ile ya ndani, ya 192.168, na ndiyo sababu inauma hata hiyo nayo inapokataa kutulia.

Cha kufanya

Vijana wanaojifunza kazi kwangu hutaka niwape amri. Nawaambia wangoje. Ukifika mbele ya mashine inayokataa anwani, usianze kuandika. Uliza kwanza: mfumo huu ni upi, toleo la mwaka gani, na nahodha wake ni nani? Ni NetworkManager, ni networkd, au ni yule mzee wa /etc/network/interfaces? Mashine yenyewe itakujibu ukiiuliza vizuri. Ukimjua nahodha, utajua faili lake. Wakiwa wawili, mpumzishe mmoja. Kisha andika, jaribu, na kabla ya kufunga mkoba zima mashine na uiwashe tena mbele ya mwenyewe, ili kumbukumbu ya sasa na ya kesho zikutane ukiwa bado upo.

La pili ni tarehe. Maelekezo mengi yanayotutesa si ya uongo. Yalikuwa kweli siku yalipoandikwa, na mwandishi hakutaja ilikuwa siku gani. Anayeandika kwa Kiswahili ana jukumu kubwa zaidi, kwa kuwa maelekezo ya fani hii kwa lugha yetu ni machache, na moja lililopitwa na wakati linaweza kuwa ndilo pekee atakalolipata mwalimu wa shule fulani.

Mimi, kila seva ninayoimaliza naibandikia karatasi ubavuni. Naandika namba yake, mpaka wake, lango lake, seva yake ya majina, jina la kadi, programu inayoshika usukani, faili ninaloliacha, toleo la mfumo na tarehe. Kalamu ya wino usiofutika, selotepu juu yake. Vijana hunicheka kwamba naandika karatasi kwenye zama za mawingu. Wacha wacheke. Ofisi ya Elizabeth Feinler iliendesha majina ya mtandao mzima kwa faili ambalo kila mtu alijua liko wapi na linaandikwa na nani, na atakayefungua seva hiyo miaka mitano ijayo, usiku, benchi likiwa limejaa wagonjwa, anastahili angalau kiasi hicho.